Chatu Aliyemeza Nusu Gunia

Soko la Migori,
14 Agosti 1995

Kwa Bonface, mwana wa kaka yangu,

Ijumaa tarehe 11 Agosti, saa tano na robo asubuhi, katika uwanja wa ofisi ya mradi wenu hapo Homa Bay, kikundi chetu kilipoteza nusu gunia la njugu kwa kila ekari, na kwa sababu hiyo kikapoteza mashine ya kumenya njugu. Hakuna mwizi aliyeonekana. Hakuna gunia lililotoboka. Nusu hiyo ilipotelea kwenye karatasi, na karatasi ulikuwa umeishika wewe.

Nimelitanguliza hilo ili usije ukasoma salamu, ukaridhika, ukaiweka barua chini. Sasa nakusalimu. Hapa Migori hatujambo. Joash wangu bado yuko Awendo na lori la miwa, anakula vizuri, hataki kuoa. Baba yako alipita hapa akitoka Magunga, akaniachia asali, akasema mbuzi watatu wamezaa mapacha. Mguu wake umepona. Alitaka kujua kama unakula, nikamwambia ofisi ina chai.

Turudi kwenye jambo. Sisi tulivuna magunia kumi na tisa yaliyoshonwa mdomo, shamba letu ni ekari mbili. Mlikuja wenyewe na tepu, mkapima. Kina mama wa Asumbi walivuna magunia tisa, ekari moja. Mashindano ya kugombea hiyo mashine yalikuwa magunia kwa ekari. Mimi darasa niliishia la nne, lakini nimepima njugu sokoni miaka ishirini na mbili. Kumi na tisa ukigawanya kwa mbili ni tisa na nusu. Wewe ukasimama na shati lako jeupe ukasoma: "Migori tisa, Asumbi tisa, wamelingana." Halafu yule bosi wako Ombui akasema wakilingana, anachukua aliyejiandikisha kwanza. Asumbi walijiandikisha tarehe sita Machi, sisi tarehe tisa. Wakapiga vigelegele. Nilipiga makofi, uliniona.

Rispa, katibu wetu, kidole gumba chake kimevimba kwa kumenya njugu. Magunia kumi na tisa kwa vidole, Bonface. Vidole gumba vya binadamu ni viwili tu.

Niambie nusu yangu iko wapi.

Ni mimi shangazi yako, waya yako,
Truphena

*

Homa Bay,
2 Septemba 1995

Mpendwa Waya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mtoto wako. Mimi ni mzima. Samahani kwa kuchelewa kujibu, tulikuwa na wageni, kisha nikapata homa, kisha stempu zikaisha posta. Mwambie Joash nimempatia betri za redio. Asali baba angenikumbuka nami, lakini sisemi kitu.

Kuhusu mashindano, Waya, nakuomba uelewe kwamba si mtu aliyepiga zile hesabu. Ni kompyuta. Mholanzi aliyekuwa hapa mwaka jana alituachia disketi yenye lugha ya kuandikia programu, inaitwa Python. Unaandika mistari michache, unabonyeza, kompyuta inaisoma mstari kwa mstari na kukupa jibu palepale. Vikundi kumi na vinne vilihesabiwa kwa sekunde moja. Kompyuta haichoki, haina kabila wala shangazi. Bw. Ombui anaipenda kwa sababu hiyo hasa: anasema zamani kila matokeo yalileta ugomvi.

Mashine ya kumenya ilipelekwa Asumbi tarehe 19 Agosti. Nadhani ni vizuri tukubali, tujiandae kwa mwaka ujao. Mjiandikishe mapema.

Mpe Rispa pole ya kidole.

Wako mtiifu,
Bonface

*

Soko la Migori,
10 Septemba 1995

Bonface,

Barua yako imefika, salamu nimezipokea zote, na homa yako nimeihurumia, ingawa mtu aliyetoka Homa Bay Jumatatu aliniambia alikuona ukicheza mpira. Sisi ni wazima. Jana Sabato kwaya yetu iliimba mpaka mchungaji akasahau mahubiri. Mvua ya vuli inanukia, tunatengeneza mbegu.

Python nimemuuliza mwalimu maana yake. Amesema ni chatu. Ng'ielo, kwa lugha yetu! Yaani mlichukua mavuno yangu mkampa chatu ayahesabu, halafu unaniambia niko salama kwa sababu hana kabila. Sasa najua nusu gunia iliingia wapi. Chatu akimeza haulizwi.

Usinikasirikie, nacheka. Lakini nacheka na hesabu mkononi. Kompyuta haikuamka asubuhi ikatafuta magunia yangu. Kuna mtu aliyeiambia: chukua hiki, gawanya kwa kile. Unaandika "mistari michache" kana kwamba mistari huota kama magugu. Nani aliiandika?

Na tena nakupa kazi. Keti mbele ya huyo chatu, pasiwe na Ombui, umuulize jambo dogo: mkate mmoja, watoto wawili, kila mtoto apate nini? Usimuulize njugu, asije akajua ni sisi. Uniandikie jibu lake vile lilivyo, hata kama ni aibu.

Rispa anasema asante kwa pole. Kidole hakijashuka. Usijali mwandiko wangu, kalamu hii ni mbaya.

Waya yako

*

Homa Bay,
30 Septemba 1995

Mpendwa Waya,

Salamu tena. Mimi sijambo, mpira ni mara moja tu, nilikuwa golikipa na sikukimbia. Hapa dagaa ni wengi wiki hii, nimekutumia mfuko kwa dereva anayekuja huko, umtafute kabla hajauza.

Nilifanya ulivyosema. Nilingoja Bw. Ombui aende chakula cha mchana, nikaandika moja, mkwaju (ule mstari wa kugawanya), mbili, nikabonyeza. Jibu lilikuwa sifuri.

Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudia. Sifuri. Nikajaribu saba kwa mbili, ikasema tatu. Nikajaribu tisini na tisa kwa mia moja, Waya, ikasema sifuri. Nikafungua kile kitabu cha Mholanzi, na kweli imeandikwa. Lugha hii ukiipa namba mbili nzima, zisizo na nukta, inakujibu kwa namba nzima pia. Kinachobaki inakiacha chini. Haikosei. Ndivyo ilivyotengenezwa, kwa sababu kuna watu wanaotaka kujua tu ni magunia mangapi kamili yataingia kwenye gari. Mwenye kutaka nusu lazima aseme tangu mwanzo kwamba anataka nusu.

Kwa hiyo nimetengeneza. Kuna neno, float, linaloigeuza namba iwe yenye nukta. Nimeliweka. Nimeandika hivi:

print float(magunia / ekari)

Sasa Migori inatoka 9.0, na Asumbi 9.0. Nukta imetokea, kama ulivyotaka, ila mmelingana vilevile. Nilimgusia Bw. Ombui. Akasema, "Bonface, tulishasoma matokeo, tukapigiwa makofi, tukala mbuzi. Mbuzi huyo utamrudisha?"

Nadhani tumefika mwisho wa jambo hili, Waya.

Bonface

*

Soko la Migori,
8 Oktoba 1995

Bonface, Bonface,

Dagaa nimewapata, nusu mfuko. Au na dereva wako anatumia Python?

Habari za nyumbani ni njema. Joash amekuja na kitanda kipya, hasemi cha nini. Tumeshapanda. Baba yako anauliza kwa nini hukuja mazishi ya jirani, nikamwambia una kazi ya kugawanya mikate.

Watoto wakila mikate tisini na tisa kati ya mia, huyo rafiki yako anasema hawajala kitu. Nimewasomea kina mama hapo sokoni, wamecheka mpaka mteja akadhani tunamcheka yeye akaondoka.

Sasa sikiliza. Hiyo 9.0 yako ni tisa ileile umeivisha kofia. Wewe umekulia jikoni kwangu, umeniona nikikaanga njugu za chumvi. Nazikaanga kwanza halafu nanyunyizia chumvi? Nikifanya hivyo chumvi inabaki chini ya sinia, njugu ni zilezile. Naziloweka kwanza kwenye maji ya chumvi, nazianika, ndipo naziweka motoni. Chumvi inaingia kabla. Nimesoma mstari wako, hata kama ni Kiingereza: mabano yanakumbatia nini? Yanakumbatia kazi iliyokwisha. Chatu ameshagawanya, ameshaangusha nusu, ndipo wewe unakuja mbio na nukta yako. Umechelewa. Nukta ipe magunia kabla ya kugawanya.

Na kama hutaki nukta kabisa, nitakufundisha yangu. Sokoni hapa mtu akitaka sehemu ya gunia hatubishani kuhusu nusu na robo. Tunashika gorogoro, ule mkebe wa kupimia, tunahesabu mikebe mizima. Gunia la njugu za maganda kwa mkebe wangu ni arobaini. Sasa fuata: magunia kumi na tisa ni gorogoro mia saba na sitini. Gawanya kwa ekari mbili: mia tatu na themanini. Asumbi: magunia tisa ni mia tatu na sitini. Gawanya kwa moja: mia tatu na sitini. Hapo hakuna nusu hata moja kwa chatu kumeza, na bado tumewapita kwa mikebe ishirini. Pima kwa chombo kidogo ndipo ugawanye. Hilo halihitaji disketi.

Jambo la pili. Mtu anaitwa Dolphine, mrefu, anashona sare za shule, mama yake ni Scovia. Scovia ni mwenyekiti wa kikundi cha Asumbi. Wewe ni mtoto wa Sabato, na nasikia Jumapili uko kwenye misa Asumbi, kiti cha pili, unaimba. Tangu lini?

Sikukasirika. Msichana nimesifiwa. Nauliza tu: nani aliandika ile mistari, Bonface? Swali hili naliuliza mara ya pili na bado hujalijibu.

Waya yako

*

Homa Bay,
28 Oktoba 1995

Waya mpendwa,

Salamu. Ni mzima wa mwili. Nilianza barua hii mara nne.

Ni mimi niliyeandika. Mholanzi aliacha disketi na kitabu tu. Bw. Ombui aliuliza nani anaweza, nikanyoosha mkono kwa sababu nilikuwa nimesoma kurasa thelathini. Njugu zako ndizo zilizonipeleka chuo, na programu yangu ya kwanza ikala njugu zako. Nilijua siku ileile uwanjani. Nilipokuwa nasoma "Migori tisa" nilikuona midomo yako ikihesabu, nikapiga hesabu kichwani nami, nikapata tisa na nusu. Lakini karatasi ilikuwa mkononi na watu walikuwa wameanza kupiga vigelegele, nikaendelea kusoma.

Nimefanya kama chumvi yako. Nimeandika:

print float(magunia) / ekari

Imetoka 9.5. Nilikaa nikaiangalia kama mtu aliyeona ndugu yake amerudi. Kisha nikajaribu na njia yako, mara arobaini kabla ya kugawanya, bila nukta yoyote. Ikatoka 380 na 360. Vikundi vyote kumi na vinne nimevirudia kwa njia zote mbili na mpangilio ni mmoja: Migori ya kwanza, Asumbi ya pili. Nimechapa karatasi. Iko kwenye droo yangu, chini ya kitabu cha Mholanzi.

Iko kwenye droo kwa sababu hizi. Mkataba wangu unaangaliwa Disemba, na Bw. Ombui amemwambia kila mgeni kwamba kompyuta yake haikosei. Na la pili umeshalijua. Nilikuwa Asumbi Jumapili. Mama Scovia alinipikia kuku, akanionyesha mashine. Wameifunika kwa kitambaa cha kufuma. Akasema, "Bonface, hii ni baraka, tangu ije hatujaumia kidole." Kuku alinikwama.

Waya, na mimi nina swali. Mwandiko wako umelala upande tangu Septemba, na barua ya mwisho herufi zilikuwa kama zimeandikwa na ngumi. Kalamu mbaya haifanyi hivyo. Kidole kilichovimba ni cha Rispa kweli?

Mwanao,
Bonface

*

Soko la Migori,
12 Novemba 1995

Bonface, mwana wa kaka yangu,

Sisi ni wazima wote. Njugu zimetoa maua. Kitanda cha Joash kimepata maelezo, anaitwa Beverlyne, ni mwalimu wa chekechea, tutazungumza. Baba yako anakusalimu na asali yako iko kwangu, chupa nzima.

Utaona mwandiko umenyooka leo. Anayeandika ni Rispa. Mimi nasema, yeye anaandika, na mara nyingine anaandika hata nisichosema. Kidole chake hakijambo, wala hakikuwahi kuumwa. Haya, umeshajibiwa, tusirudi hapo.

Nashukuru kwamba umesema. Nililijua tangu Agosti, kwa sababu uliposoma lile neno tisa sauti yako ilipanda kama ulipokuwa na miaka saba ukikana kula sukari. Nilikuwa nangoja ulete mwenyewe. Umechukua siku sabini na nane, lakini umeleta.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana sikungoja droo yako. Jumatano nilikwenda Asumbi. Sikubeba ugomvi, nilibeba gorogoro yangu na mfuko wa njugu za chumvi. Scovia alinikaribisha, tukanywa chai. Ile mashine niliiona, na kitambaa ni kizuri kweli, alikifuma huyo Dolphine. Aliingia akanisalimu kwa magoti yote mawili. Sisemi zaidi.

Nikamwambia Scovia, "Mama, unauza njugu?"

Akasema, "Tangu sijaolewa."

"Gunia lako ni mikebe mingapi?"

"Arobaini. Ukiona arobaini na mbili ujue mkebe umebonyezwa."

Nikamwambia anihesabie yetu, kisha ahesabu yao. Hakuchukua kalamu. Aliangalia juu ya mlango kidogo akasema, "Mia tatu themanini. Sisi mia tatu sitini." Akachukua njugu moja, akatafuna polepole. Kisha akauliza, "Na yule kijana aliyesoma karatasi, alijua?"

Nikamwambia hilo aulizwe kijana mwenyewe.

Akasema maneno haya, na Rispa anayaandika kama yalivyo: "Truphena, mimi siwezi kumenya njugu kwa mashine huku najua mikebe ishirini ya mtu iko chini ya meza. Lakini pia siwezi kuwaambia kina mama kumi na nane wafungue mlango kwa sababu jirani amekuja na mkebe. Niletewe karatasi ya ofisi, imegongwa muhuri, inayosema tisa na nusu. Siku hiyo nitasaidia kupakia mwenyewe." Nikamwambia, na msimu wetu ukiisha mashine itakuja kwenu wiki mbili, kwa sababu vidole ni vidole. Tukapeana mikono. Moja kwa mbili, Bonface, na haikutoka sifuri.

Kwa hiyo imebaki karatasi. Haiwezi kutoka kwa Scovia, haiwezi kutoka kwangu. Itoke kwenye droo yako iende mezani kwa Ombui. Mwambie hivi: kompyuta haikukosea, ilijibu swali ililoulizwa, na aliyeuliza vibaya ni wewe, na sasa umejua kuuliza. Hapo sifa ya kompyuta yake inabaki nzima. Kazi wanaweza kukunyima Disemba. Sitakudanganya kwamba hawawezi. Lakini mtu anayeweza kuonyesha alipokosea na akatengeneza kwa njia mbili, mimi ningempa kazi, na nimeajiri watu. Na ukimwoa yule msichana, hutaki kila ukila kuku kwa mama mkwe ukwame.

Joash atapita Asumbi na lori tupu Ijumaa tarehe 24 Novemba, akitoka kupeleka mashine nyingine ya watu. Hatapita tena mpaka Februari, na njugu zangu zinang'olewa Januari. Ile siku, kuanzia saa tatu asubuhi, nitakuwa nimekaa kwenye duka la Mayaka penye simu. Namba unayo.

Sitaki salamu siku hiyo. Usinieleze homa, stempu wala mbuzi aliyeliwa. Nataka namba moja, iliyogongwa muhuri wa Ombui, kabla ya saa sita mchana: ni tisa, au ni tisa na nusu?

Waya yako Truphena,
kwa mkono wa Rispa